Mganga Hajigangi: Tiba-Sanaa na Mipaka ya Mhakiki

Miongoni mwa madai ambayo wahakiki wa fasihi huyatoa bila ya kuyachunguza, mojawapo ni lile lisemalo kwamba sanaa huponya. Mwanafunzi hufundishwa dhana ya Aristotle ya utakaso wa hisia. Huelezwa habari za ngoma za pepo za pwani, ambamo mgonjwa huimbiwa na kuchezeshwa hadi kinachomsumbua kitajwe kwa jina. Kisha huelekezwa kwenye Sauti ya Dhiki (1973), diwani ambayo Abdilatif Abdalla aliitunga kifungoni kati ya 1969 na 1972, akiyaandika mashairi yake kwenye karatasi za msalani. Mifano hii mitatu aghalabu hutiwa katika kapu moja. Hapo ndipo kosa linapoanzia.

Mshairi aliye kifungoni hakuwa na tabibu, wala tungo zake si dalili za ugonjwa. Zilikuwa kauli ya mtu mzima aliyekataa kunyamazishwa. Ngoma ya pepo, kwa upande mwingine, ina mganga aliyefunzwa na waliomtangulia, ina taratibu zake, na ina jamaa wanaoshuhudia. Kwa hivyo, sanaa inayomfaa mtu si lazima iwe tiba. Tiba ni ahadi baina ya watu wawili, ambapo mmoja amekubali kuwajibika kwa yatakayomfika mwenzake.

Historia ya tiba-sanaa nchini Uingereza ni historia ya jinsi ahadi hiyo ilivyotafutiwa umbo la kitaaluma. Mchoraji Adrian Hill, aliyejituliza kwa kuchora alipokuwa akiugua kifua kikuu, ndiye aliyeipa shughuli hiyo jina mnamo 1942. Mwaka 1946 Edward Adamson, msanii, aliajiriwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Netherne, akawafungulia wagonjwa chumba cha kuchorea. Chama cha watibu kwa sanaa cha Uingereza kiliundwa 1964, na usajili wa kiserikali ukapatikana 1997. Hii leo jina la mtibu kwa sanaa linalindwa na sheria nchini humo: asiyesajiliwa haruhusiwi kulitumia. Kutoka jina hadi sheria ilichukua miaka 55.

Katika kipindi hicho palizuka mjadala ambao mhakiki hana budi kuuzingatia. Huko Marekani, Margaret Naumburg aliiona picha kuwa usemi wa ishara, ambao mgonjwa na mtibu huuzungumzia pamoja. Edith Kramer alishikilia kwamba tendo lenyewe la kuumba ndilo linaloponya. Adamson naye alijizuia kuzifasiri picha za wagonjwa wake. Pamoja na tofauti zao, hakuna kati yao aliyempa mtu wa nje ruhusa ya kuamua picha ina maana gani.

Mhakiki, kwa mazoea ya kazi yake, hujitwalia ruhusa hiyo. Akioneshwa nyumba iliyochorwa bila ya mlango, papo hapo atasema ni kifungo cha nafsi. Huenda mchoraji alichoka tu kabla ya kufika mlangoni. Nadharia ya kifo cha mwandishi haimdhuru mtu maktabani. Wodini, mwandishi yu hai, ameketi upande wa pili wa meza, na usiku atalala na yale aliyoambiwa.

Ndiyo maana kuimarisha taaluma hii hakutoshelezwi na kuisifu sanaa. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya 2019 ilipitia tafiti zaidi ya 3,000 na kuthibitisha kwamba sanaa ina mchango katika afya. Hata hivyo, ushahidi kwamba kuimba katika kwaya kuna manufaa si ushahidi kwamba kila mwenye brashi anaweza kumshughulikia mtu aliyenusurika kujiua. Tendo lile lile linalofungua kinywa laweza kufungua jeraha. Panapofunguka jeraha, panahitajika mtu anayejua la kufanya, na anayejua pia ni wakati gani ampeleke mgonjwa kwa daktari.

Nchini Kenya, Sheria ya Wanasihi na Wanasaikolojia ya 2014 iliunda bodi ya kuzisimamia fani hizo mbili. Jina la sheria hiyo halimtaji mtibu kwa sanaa. Atakayeidai nafasi hiyo sharti aje na mambo manne: mafunzo ya sanaa na ya saikolojia kwa pamoja, mazoezi chini ya msimamizi, kanuni za kuhifadhi siri na umiliki wa kazi za wagonjwa, ili zisigeuzwe maonyesho bila ya idhini yao, na mtibu mwenyewe kukubali kutibiwa. Wahenga walilijua hili la mwisho waliposema mganga hajigangi. Mwanafunzi wa tiba-sanaa nchini Uingereza hutakiwa naye aketi mbele ya mtibu wake katika muda wa masomo.

Idara za fasihi zina mchango wa kutoa: maarifa ya ishara, ya masimulizi, na ya ngoma zilizotangulia hospitali. Lakini zawadi yao kubwa yaweza kuwa ile isiyozoeleka katika uhakiki, nayo ni kuitazama picha pamoja na aliyeichora, na kumngoja aseme kwanza.