Dawa Iliyochoma Nywele Zangu

Mimi ni afisa wa elimu ya watu wazima hapa Kilwa Kivinje. Kabla ya harusi ya mdogo wangu nilipaka dawa ya kulainisha nywele. Nikaiacha kupita muda ulioandikwa kwenye kopo. Nami ndiye ninayewafundisha wengine kusoma! Kichwa kiliwaka moto. Nilipoosha, nywele zilikatika mkononi. Harusini sikuvua mtandio, hata mbele ya wanawake wenzangu.

Dawa nyingine za namna hiyo zina kostiki soda, ile ile ya kutengenezea sabuni. Huchoma ngozi.

Bibi hakunicheka. Alingoja vidonda vipone. Kisha akakuna nazi, akachuja tui, akalichemsha kwa moto mdogo mpaka mafuta yakajitenga. Mafuta hayo huingia ndani ya unywele, yakapunguza kukatika. Lakini hayaungi uliokwisha kukatika. Unywele uliotoka nje ya ngozi hauna uhai, hauponi. Basi kata ncha zilizoharibika. Chana kwa kitana chenye meno mapana, ukianzia nchani. Usisuke kwa kukaza. Kidonda kikitoa usaha, nenda zahanati.

Kopo lile sikulitupa. Tunalisoma darasani.