Kezilahabi wa Mashairi

Ukimtaja Euphrase Kezilahabi, wa kwanza atakutajia Rosa Mistika, wa pili Dunia Uwanja wa Fujo, na aliyebobea ataongeza Nagona na Mzingile. Diwani zake tatu, Kichomi (1974), Karibu Ndani (1988) na Dhifa (2008), hutajwa mwishoni, tena kama ushahidi katika ule mgogoro wa ushairi huru. Mwanafunzi huulizwa iwapo tungo hizo ni mashairi au si mashairi. Akishajibu, kitabu hufungwa.

Hapo naona dhuluma. Mimi ni mtoto wa vina na mizani, na hadi leo tarbia iliyotulia hunisisimua kuliko utungo wa aina nyingine yoyote. Lakini isomeni Kichomi kwa sauti. Mshororo hukatwa pale pumzi inapokatika, na lugha ni ya mtu anayezungumza na mwenzake, si ya malenga aliyesimama mbele ya hadhara. Jina lenyewe la diwani linatosha kuwa utetezi: kichomi ni maumivu ya ubavuni yanayomfanya mgonjwa avute pumzi kwa hofu. Mwenye kichomi hawezi kughani beti kumi na sita za mizani kumi na sita bila kutua! Wahakiki walibishana miaka mingi juu ya umbo ambalo mtunzi alikwisha kulieleza kwenye jalada.

Si yote yaliyofaulu. Yapo mashairi ambayo kwangu ni hotuba iliyokatwa vipande, na hayo wanamapokeo waliyashambulia kwa haki. Hata hivyo, anayelalamika kwamba Nagona ni fumbo lisilofumbulika angeanzia Karibu Ndani. Maswali ni yale yale, ya kuwako, ya neno na ukweli, ila katika shairi hayana msafara wa wahusika wa kuyabeba. Yanamkabili msomaji uso kwa uso, naye hana pa kujificha.

Kezilahabi alizaliwa Ukerewe mwaka 1944 na kufariki Januari 2020. Tanzia nyingi nilizozisoma zilimwita mwanariwaya, zikaishia hapo. Ningependa walimu wa sekondari waifundishe Kichomi japo muhula mmoja bila kuligusa lile swali la vina: wanafunzi wasome, wasikie mtunzi anapotua, kisha waseme kinachowauma.