Usishike kamba ya bariyeri

Kalemie

Mpwa wangu mpendwa,

Unaniuliza kama ukubali kazi ya kukusanya pesa kwenye bariyeri hapo Bendera, barabara ya kwenda Lulimba, kwa kuwa aliyekuita anasema ni kazi ya serikali na hakuna jioni utakayorudi mikono mitupu. Mimi mjomba wako nasema usikubali.

Mama anayepita pale na gunia la mihogo amelima, amepalilia, ameng'oa, ameloweka, ameanika, halafu ametwika. Gunia lile ni lake kabla halijafika kwenye kamba yenu. Katiba yetu ya Kongo ya 2006, kifungu cha 34, inasema mali ya mtu binafsi ni takatifu. Kifungu cha 174 kinasema hakuna kodi isiyowekwa na sheria, kisha kinasema kuchangia gharama za umma ni wajibu wa kila mtu. Angalia utaratibu wake: mali ni ya mwenyewe, sheria ndiyo inayofungua mlango, kodi inafuata. Kwenye bariyeri kamba inatangulia, na sheria mama yule haonyeshwi.

Wako wanaosema kodi yote ni unyang'anyi, kwa sababu hakuna aliyeulizwa kama anakubali, na anayekuchukulia matunda ya jasho lako amekuchukulia siku za maisha yako. Usiwacheke. Katika nchi hii jambo hilo lilitendeka wazi. Mwaka 1885 utawala wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji ulitangaza kwamba ardhi zote ulizoziita tupu ni mali yake. Mwaka 1903 ukaandika kwamba kila mtu aufanyie kazi saa 40 kwa mwezi, na hiyo ndiyo ikaitwa kodi. Wabelgiji wakaleta kodi ya kichwa kwa pesa, na wanaume wakaacha vijiji kwenda migodini kuitafuta. Mobutu naye akatuletea salongo, kazi ya lazima isiyo na malipo. Hata leo, kwa sheria ya 1973, ardhi tunayolima ni mali ya Dola peke yake. Basi kilichobaki kuwa chetu kabisa ni jasho, na ndiyo sababu naona uchungu likiguswa ovyo.

Lakini siendi mpaka mwisho na hao wanaosema kodi yote ni unyang'anyi. Mashine za umeme kwenye maporomoko ya Kyimbi, hapo hapo Bendera, zinazotuangazia sisi huku Kalemie, hazitengenezwi na mtu mmoja kwa mfuko wake. Kodi iliyowekwa na sheria, yenye risiti, inayoonekana ilikokwenda, mimi nailipa.

Unakumbuka RAM, ile tozo ya kusajili simu? Kuanzia Septemba 2020 walikuwa wanakata uniti kwenye simu zetu, dola 1 kwa mwaka kwa simu ndogo, dola 7 kwa simu za 3G na kuendelea, bila sheria iliyopitishwa na bunge. Watu walipiga kelele mitaani na wabunge wakaipinga, na mwaka 2022 ikaondolewa. Kwa hiyo usiniambie kwamba hakuna la kufanya.

Kama bado moyo wako unavutwa, mwendee huyo aliyekuita. Orodha ya kodi na tozo za majimbo na za sekta iko katika amri-sheria namba 18/004 ya tarehe 13 Machi 2018. Mwombe akuonyeshe mstari ambao mama yule wa mihogo anadaiwa. Muulize risiti zina muhuri wa nani, na jioni pesa zinapelekwa kwenye akaunti gani. Akikuonyesha yote, kafanye kazi, nami nitakubariki. Akikujibu kwamba hapa ndivyo tunavyofanya, rudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Najua kinachokusukuma ni minerval, ada ya shule ya watoto. Niandikie ni kiasi gani. Mke wangu ameshakubali tuuze mbuzi wawili kabla shule hazijafunguliwa.

Mjomba wako