Vikorombwezo vya pikipiki na mzigo wa mpagazi

Kuna ugonjwa mmoja mtamu sana unaompata kila kijana aliyefanikiwa kununua pikipiki. Unakaa mlangoni jioni unaitazama, unaona kama kuna kitu kinapungua. Unanunua kishikio cha simu. Kesho yake soketi ya kuchajia. Wiki inayofuata spotilaiti mbili, kisha redio na spika, kisha taa za rangi za chini ya tangi. Mwisho wa mwezi huna pikipiki tena, bwana, una duka la vifaa vya umeme lenye magurudumu mawili.

Mimi ugonjwa huo ulinibisha hodi nilipokuwa najiandaa kutoka Tabora kwenda Ujiji, safari ya zaidi ya kilomita 400, kwa pikipiki ya cc 150. Nilitaka kuandika makala kuhusu ile njia ya zamani ya misafara, ya pembe na watumwa, iliyotoka Bagamoyo ikapita hapa Unyanyembe hadi Ziwa Tanganyika. Ni karibu kilomita 1,200 kwa jumla, na tangu mwaka 2006 Tanzania imeiweka kwenye orodha yake ya maeneo inayotarajia kuyapendekeza UNESCO kuwa urithi wa dunia. Mhariri alitaka picha na maneno kila jioni. Na ninyi mnajua, kwa mwandishi wa siku hizi simu ndiyo kalamu, ndiyo kamera, ndiyo tochi, ndiyo posta. Simu ikizima, mwandishi naye kazima.

Basi nikaenda kwa fundi wangu nikiwa na orodha ndefu. Akaisoma yote, akanirudishia, akaniuliza swali moja: "Mwandishi, hivi vyote vinakula chungu gani?"

Hapo ndipo darasa lilipoanza. Umeme wa pikipiki unatoka sehemu moja tu, kwenye zile koili zilizo ndani ya injini, ambazo sumaku inazizunguka. Unapita kwenye rektifaya, unaingia kwenye betri. Chungu ni hicho hicho. Injini ikienda kwa kasi chungu kinajaa, ukisimama injini ikinguruma taratibu kinapungua. Na walaji wa kwanza walishakaa mezani kabla yako: moto wa plagi, taa kubwa ya wati 35, taa ya nyuma, indiketa, honi.

Sasa piga hesabu. Soketi ya USB inayotoa volti 5 na ampea 2 ni wati 10. Hiyo ni sahani ya mtoto, haina neno. Lakini spotilaiti mbili za halojeni, kila moja wati 55, ni wati 110. Gawa kwa volti 12, unapata ampea 9 na ushee. Zikitegemea betri peke yake, na betri ikawa ndogo ya ampea-saa 5, basi kwenye karatasi unapata dakika kama 33 tu. Barabarani hata hizo hufikishi.

Nikacheka, maana nilikuwa nimetoka kusoma habari za wapagazi. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, na juu ya hapo kuna mkeka wake, chungu chake na chakula chake. Katika mizigo hiyo, pamoja na shanga na vitambaa, kulikuwa na nyaya za shaba, zilizotumika kama fedha njiani na kuishia kuwa mapambo mikononi na miguuni. Mnaona? Nyaya zimepita njia hii zamani sana, tena kwa mapambo!

Lakini Mnyamwezi aliyebeba mizigo ile alikijua kipimo chake. Akizidishiwa aliteta, akizidi kuonewa aliacha mzigo akatoroka, na msafara mzima ukasimama. Pikipiki haina ustaarabu huo. Inapokea kila unachoifungia bila kunung'unika, kisha inakugomea saa mbili usiku katikati ya miombo.

Hili si la mzaha kwangu. Niliwahi kuandika habari ya ajali ya bodaboda, aya nne tu, ukurasa wa ndani. Kijana aligonga baiskeli usiku. Pikipiki yake niliiona kituoni: spika mbili, taa za rangi kila kona, na waya za hivyo vyote zilikuwa zimeungwa kwa kusokotwa kwenye waya wa taa kubwa. Taa kubwa yenyewe haikuwaka. Hakuna aliyeniambia kuwa hicho ndicho chanzo, kwa hiyo sikuandika. Lakini mwenye baiskeli alikuwa baba wa watu, na tangu siku hiyo kila nikiona pikipiki inayometameta natazama kwanza mbele. Katika msafara, kirangozi ndiye aliyetangulia kuonyesha njia. Taa kubwa ndiye kirangozi wa pikipiki. Ale kwanza yeye, wengine wagawane kinachobaki.

Kwa hiyo tulifunga hivi. Waya wa soketi ulitoka moja kwa moja kwenye betri, na fyuzi ya ampea 3 ikakaa karibu kabisa na betri, ili waya ukichubuka fyuzi ikatike kabla ya moto kushika. Katikati tukaweka rilei inayoamshwa na swichi ya ufunguo. Ukizima pikipiki, soketi nayo inakufa, hainyonyi betri usiku wewe umelala gesti. Penye usukani waya uliachiwa ulegee kidogo, tukaugeuza usukani kushoto hadi mwisho na kulia hadi mwisho kuona kama unavutwa. Mbali na ekzosi. Maungio yakalehemiwa kwa risasi, si kusokota na kupiga soltepu. Spotilaiti za halojeni zilibaki dukani, redio pia.

Kishikio cha simu tulikiwekea mpira wa kumeza mtetemo. Mwaka 2021 Apple walitoa tahadhari kwamba mtetemo wa injini kubwa za pikipiki unaweza kuharibu kamera za iPhone, na hata kwa injini ndogo wakashauri kifaa cha kupunguza mtetemo. Ramani niliihifadhi kwenye simu kabla ya kuondoka, maana mtandao hukatika lakini GPS inasikiliza satelaiti, haihitaji mnara. Usahihi huu tunaoufaidi raia wa kawaida tulifunguliwa na Marekani Mei 2000, kabla ya hapo ishara yetu ilikuwa inavurugwa makusudi.

Nikapita Urambo, mji wa Mirambo, nikapita Kaliua, nikavuka Malagarasi. Giza lilinikuta kabla ya Uvinza, taa ikiwaka vizuri. Mbele yangu akatokea mzee anasukuma baiskeli yenye magunia mawili ya mkaa, haina taa wala kiakisi. Nilimwona kwa mbali, nikapunguza mwendo, nikampisha.

"Asante mwanangu," akasema. Nikamjibu shikamoo, nikaendelea. Picha za siku hiyo zilifika kwa mhariri saa tatu usiku.

Wewe unayejiandaa kwa safari ndefu, sikukatazi kununua vikorombwezo. Ila usiku wa leo, kabla ya kwenda dukani, toa pikipiki nje, washa kila ulichonacho, uangalie taa kubwa inafifia au haififii. Ikififia, mkwanja wako ubaki mfukoni.

Alamsiki.