Nani Amsemee Mwenye Njaa: Msaada wa Chakula Uingereza na Afrika Mashariki

Benki ya chakula ya Uingereza ni ghala la hisani linalogawa vyakula vikavu na vya makopo kwa familia zilizoishiwa, na kwa kawaida haimpi mtu kitu mpaka mtu mwingine amsemee. Mtandao mkubwa zaidi ni wa Trussell (zamani Trussell Trust), shirika lililoanzishwa mwaka 1997 na Paddy na Carol Henderson, ambao mwanzoni walikuwa wakisaidia watoto wa Bulgaria. Mwaka 2000 mama mmoja wa Salisbury, mji wao wenyewe, aliwaeleza kwamba wanawe wangelala na njaa usiku ule. Benki ya kwanza ilianzia kwenye kibanda cha bustani na gereji ya nyumbani kwao. Kuanzia 2004 makanisa na vikundi vya miji mingine vilianza kufungua vituo kwa utaratibu uleule.

Utaratibu wenyewe unasimama juu ya vocha. Familia haitoki nyumbani ikaenda moja kwa moja ghalani. Huenda kwanza kwa mtu wa kazi anayeijua hali yake, kama vile daktari, mwalimu, ofisa wa ustawi wa jamii, muuguzi anayezungukia watoto wachanga majumbani, au mshauri wa Citizens Advice, shirika la kutoa ushauri bure kwa wananchi. Huyo ndiye anayeandika vocha. Vocha inafikishwa kituoni, mara nyingi ukumbi wa kanisa, na familia inapewa chakula cha angalau siku tatu: tambi, maharagwe ya kopo, supu, mchele, maziwa yasiyoharibika haraka, majani ya chai. Wanaogawa ni watu wa kujitolea. Kazi yao si kupima shida ya mtu, maana kazi hiyo imeshafanyika kabla hajafika mlangoni. Hapa ndipo penye busara ya mpango huu. Mama anaweza kupata chakula cha wanawe bila jirani wa ukuta wa pili kujua, na anayempa hana haja ya kumhoji.

Mzigo ulioangukia vituo hivi katika miaka ya karibuni haukutarajiwa na walioviasisi. Aprili 2022 kikomo cha bei ya umeme na gesi kilipanda kwa asilimia 54 kwa mkupuo mmoja. Oktoba mwaka huo mfumuko wa bei ulifika asilimia 11.1, kiwango ambacho nchi ile haikuwa imekiona kwa miaka 41, na Machi 2023 bei za vyakula zilikuwa zimepanda kwa zaidi ya asilimia 19 ndani ya mwaka. Katika mwaka ulioishia Machi 2024, mtandao wa Trussell uligawa vifurushi milioni 3.1, na zaidi ya milioni 1.1 kati ya hivyo vilikuwa vya watoto. Hesabu hiyo ni ya vifurushi, kwa hiyo familia iliyorudi mara tatu imehesabiwa mara tatu. Hata hivyo, mwaka 2008/09 mtandao huohuo ulihudumia watu wapatao 26,000 tu. Utafiti wa shirika lenyewe wa mwaka 2023 ulionyesha kwamba mmoja kati ya kila watu watano waliotumwa kwenye vituo vyake alitoka katika nyumba yenye mtu anayefanya kazi. Wengine wamekwama kwenye pengo la wiki tano ambazo mwombaji mpya wa Universal Credit, yaani malipo ya serikali kwa wenye kipato kidogo, husubiri kabla ya kupata malipo yake ya kwanza.

Jambo moja lililojitokeza wakati huo linafahamika vizuri kwa yeyote aliyewahi kuishiwa LUKU Dar es Salaam au tokeni Nairobi. Nyumba nyingi maskini za Uingereza nazo hulipia umeme kabla ya kuutumia, kwenye mita ya kadi au ufunguo. Mita ikikata, mchele na maharagwe makavu havina faida. Vituo vikaanza kufunga vifurushi vya namna mbili zaidi: kimoja cha vyakula vinavyohitaji maji ya moto ya birika peke yake, na kingine cha vyakula visivyohitaji moto kabisa. Mkuu wa maduka ya Iceland, Richard Walker, alisema hadharani Machi 2022 kwamba baadhi ya watu kwenye benki za chakula walikuwa wakikataa viazi kwa sababu hawakuweza kumudu gharama ya kuvichemsha.

Huku nyumbani, katika miezi ileile, pigo lilikuja kwa jina la unga. Mnamo Julai 2022 pakiti ya kilo mbili ya unga wa mahindi nchini Kenya ilikuwa imefika shilingi 205. Rais Uhuru Kenyatta akatangaza ruzuku ya kuishusha hadi shilingi 100, na kwa wiki kadhaa kabla ya uchaguzi wa Agosti unga wa bei hiyo ukawa wa kutafutwa duka kwa duka. Alipoapishwa Septemba 13, William Ruto alisema ruzuku hiyo imemeza shilingi bilioni 7 kwa mwezi mmoja bila matokeo. Oktoba mfumuko wa bei ukafika asilimia 9.6. Kufikia mwisho wa mwaka, kaskazini na mashariki mwa nchi, misimu mitano ya mvua ilikuwa imekwisha kushindwa kwa mfululizo.

Hapakuwa na mtandao wa vituo vya vocha wa kukimbilia. Aliyekosa unga alianza kwa mwenye duka, anayeuza kwa kupima na kuandika deni kwenye daftari. Daftari likijaa, hufuata ndugu. Baada ya ndugu, chama cha akiba, jumuiya ndogo ndogo ya parokia, au msikiti. Waislamu wa Pwani wana sadaka iliyowekewa kipimo na wakati wake: zaka ya fitri, pishi moja ya chakula kinacholiwa mahali pale, karibu kilo mbili na nusu hadi tatu, kwa kila mtu wa nyumba ya mtoaji, ifike kwa wahitaji kabla ya sala ya Idi. Ni msaada usiongoja mtu apeleke ombi, lakini huja mara moja kwa mwaka.

Msaada mwingi zaidi husafiri ukiwa fedha. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, shilingi mia tano huweza kutoka kwa shangazi aliye Mombasa ikawa sufuria ya ugali Kisumu jioni ileile, na aliyeipokea ananunua anachohitaji: unga, mafuta ya taa, au dawa. Baadhi ya fedha hizo zinaanzia mbali zaidi. Mwaka 2022 Wakenya walio nje walituma nyumbani takriban dola bilioni 4.03 za Marekani. Sehemu imekwenda kwenye ada na ujenzi, lakini sehemu kubwa ni chakula. Kuna watu walio Leicester au London ambao wenyewe wanahesabu senti za mita ya umeme huku wakituma fedha za unga wa mama. Hesabu za misaada haziwataji, ilhali ni nguzo ya mfumo mzima.

Tofauti ya kina, basi, iko kwa anayeshuhudia kwamba nyumba fulani haina chakula. Uingereza shahidi ni mtu wa ofisi, na ushahidi wake ni karatasi. Afrika Mashariki shahidi ni anayekufahamu: jirani, mjumbe, mzee wa mtaa, katekista, imamu. Shahidi wa namna hii ana kasi ambayo hakuna ofisi inayoifikia. Anajua moshi haujaonekana jikoni kwako tangu juzi. Ila huyohuyo ana ndugu zake na kinyongo chake, na ana watu anaotaka kuwapendeza. Mwaka 2020, wakati wa korona, serikali ya Kenya iliandaa mpango wa kuzipa familia zenye shida shilingi 1,000 kwa wiki kupitia simu, na uteuzi ukaachiwa viongozi wa mitaa. Ripoti ya Human Rights Watch ya Julai 2021 ilieleza kwamba waliofikiwa katika vitongoji maskini vya Nairobi walikuwa wachache mno, na kwamba maofisa waliwapitisha jamaa na marafiki zao. Tanzania, chini ya TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, ilichagua njia ya uwazi: kaya maskini hutajwa mbele ya mkutano wa kijiji kabla ya kuhakikiwa. Njia hiyo inapunguza upendeleo, kwa gharama ya mtu kusimamishwa mbele ya wote na umaskini wake.

Pasipokuwa na shahidi wa aina yoyote, nguvu za mwili ndizo huamua. Aprili 10, 2020, watu waliokuwa wakigombania chakula cha msaada huko Kibera walikanyagana, polisi wakarusha mabomu ya machozi, na wengi wakaumia. Ugawaji wa namna hiyo huacha nje wazee, wagonjwa na kina mama wenye watoto mgongoni, yaani haohao waliokusudiwa.

Pia kuna tofauti ya majanga. Ukame una sura ambayo mtoaji anaiona. Julai 2011 kampeni ya Kenyans for Kenya, iliyoongozwa na Msalaba Mwekundu, Safaricom, benki ya KCB na vyombo vya habari, ililenga kukusanya shilingi milioni 500; ikapita bilioni moja kwa fedha na vitu, sehemu yake ikitoka kwenye simu za watu wa kawaida. Kupanda kwa bei hakuna picha ya namna hiyo, na humbana mtoaji na mpokeaji kwa pamoja. Uingereza walilijua hilo vilevile: masanduku ya michango kwenye milango ya maduka makubwa yalijaa polepole huku foleni zikirefuka, na benki za chakula zikalazimika kununua vyakula ambavyo zamani vilikuwa vikiletwa bure. Kutokana na hali hiyo hoja ya kutoa fedha kabla ya chakula imepata nguvu hata huko. Mtandao wa benki zinazojitegemea, Independent Food Aid Network, umekuwa ukiisukuma waziwazi, na ni hoja ambayo familia za Afrika Mashariki zimekuwa zikiitekeleza kwa miaka mingi bila kuipa jina.

Kila mfumo una watu wasio na wa kuwasemea. Nairobi ni mpangaji mgeni ambaye mjumbe hamjui, au msichana wa kazi aliyefukuzwa bila ndugu mjini. Uingereza ni mara nyingi mhamiaji, akiwemo mwanafunzi au mfanyakazi wa kutunza wazee ambaye viza yake inamzuia kupokea malipo ya serikali. Baadhi yao hukaa na njaa kwa kuhofia kwamba kuchukua kifurushi kutaharibu viza. Hofu hiyo haina msingi, kwa sababu benki ya chakula ni hisani wala haihesabiwi kuwa fedha za umma. Jambo hili linastahili kusemwa katika kila kundi la WhatsApp la Waswahili walio huko.

Kwa watu hao, milango inayofaa ni ile isiyodai shahidi. Langar ya mahekalu ya Masingasinga hulisha yeyote anayeingia, na misikiti mingi hufanya hivyo kwa futari ya Ramadhani. Mwaka 2023 miji miwili ilifungua mlango wa aina hiyo kwa watoto. Kuanzia Septemba, chini ya meya Sadiq Khan, shule za msingi za serikali London zilianza kumpa kila mwanafunzi chakula cha mchana bure bila kuangalia kipato cha mzazi. Nairobi, gavana Johnson Sakaja na shirika la Food4Education la Wawira Njiru walianzisha Dishi na County, ambapo mwanafunzi hulipa shilingi 5 kwa bangili ya kielektroniki na kupokea sahani sawa na ya mwenzake. Kwa kuwa wote wanakula, hakuna mtoto anayejulikana kwa sahani yake. Mipango hiyo haifiki kwa mzee anayeishi peke yake wala kwa mtoto ambaye hajaanza shule, na mwisho wa wiki jiko linarudi kuwa la nyumbani.