Kiti cha Enzi na Enzi ya Kiti

Neno enzi tumelipokea kutoka Kiarabu, nalo lina maana mbili zinazoishi nyumba moja. Ya kwanza ni utukufu na mamlaka; ndiyo tuionayo katika kiti cha enzi. Ya pili ni wakati, kama tusemapo enzi za Mwalimu. Kwa fikira zangu, ya pili imezaliwa na ya kwanza: enzi za mtu ni muda ule nguvu zake ziliposimama.

Nimelitafakari neno hili tangu mnunuzi wa samani kuukuu alipofika nyumbani kwetu Bagamoyo kukitazama kiti cha marehemu bibi. Ni kiti cha mpingo, chenye mgongo mrefu, njumu za mfupa, kikalio cha kamba nyembamba zilizosukwa, na pahala pa kuegemeza miguu. Viti vya namna hii vilikuwa fahari ya miji ya pwani, toka Lamu hadi Unguja, na leo vingine vimo katika makumbusho ya ng'ambo. Bei aliyoitaja ingetosha kuezeka upya paa letu linalovuja. Alikiita “kiti cha zamani”. Shangazi akamjibu, “Si cha zamani, mwanangu. Ni cha enzi.” Yule akacheka, akasema ni mamoja.

Je, ni mamoja? Katika simu yake alituonyesha viti vingine vinavyosakwa na wateja wake. Kimoja kilikuwa tufe jeupe lililo wazi upande mmoja, mtu akaketi ndani kama kiini cha yai. Alikibuni Eero Aarnio wa Ufini mwaka 1963, kwa faibaglasi. Hizo ndizo enzi za anga, binadamu alipokuwa akiutamani mwezi. Hata sisi hazikutupita: ng'ambo ya mkondo wetu, Tunguu, Unguja, Wamarekani walikuwa na kituo cha kuwasiliana na vyombo vyao vya anga, kikafungwa mwaka 1964 baada ya Mapinduzi.

Anunuaye tufe la Aarnio hununua wakati. Enzi zake zimo katika umbo, nazo husafiri nalo popote. Kiti chetu sivyo. Bibi hakukikalia, yeye alikaa mkekani. Kiti kilimngoja mgeni, na mgeni alipokaribishwa ndipo enzi iliposhuka, kwake aliyeketi na kwake aliyemketisha. Kikivuka bahari bila ile karibu, kitakachofika ni mpingo na mfupa.

Nasi washairi tuna sehemu yetu. Kila tutakapo kuyalilia yaliyopita, hukimbilia “enzi zile”, hata neno limeanza kunuka vumbi tupu. Tulirudishie na ule utukufu wake.

Ukoo haujakata shauri, na masika yanakaribia. Mimi nimeomba jambo moja tu: kama kiti kitauzwa, kwanza shangazi, ambaye hajakikalia maisha yake yote, akaribishwe na kuketishwa.