Atakuja, Hatakuja

Mama yangu alipandikizwa kifaa cha kusikia mwaka 1991 katika hospitali moja ya Uingereza, nami ndiye niliyekuwa mkalimani wake, tangu vipimo vya mwanzo hadi miaka ya mazoezi iliyofuata. Tangu Hospitali ya Taifa Muhimbili ianze upasuaji huu mwaka 2017, jamaa wa Dar es Salaam na Unguja hunipigia simu wakitaka kujua mambo yalikuwaje. Huuliza habari za kisu, za bei, za maumivu. Ninayoyakumbuka mimi zaidi ni yale yaliyoanza baada ya kidonda kupona.

Tuliondoka Unguja baada ya Mapinduzi ya 1964, mimi nikiwa mtoto, tukaishia Portsmouth, mji wa bandari walikokuja kukaa Wazanzibari wengi. Mama alikuwa fundi cherehani. Kiingereza alikijua cha kuuzia na kununulia, na cha kubishana na mwenye nyumba. Ndani ya nyumba yetu kilikuwa Kiswahili mwanzo mwisho. Majira ya baridi ya 1987 alishikwa na homa ya uti wa mgongo, na alipopata nafuu masikio yote mawili yalikuwa yamekufa. Ugonjwa ule huingia mpaka sikio la ndani ukaua seli zenye vinyweleo, ambazo ndizo zinazogeuza mtikisiko wa sauti kuwa habari ya kupelekwa kwenye ubongo. Kila sikio lina seli kama 15,000 hivi, na zikifa hazioti tena. Vile vifaa vya kawaida vya kukuza sauti havikumfaa kitu. Utakuza sauti umpelekee nani, na mpokeaji hayupo?

Tukaishi kwa vijikaratasi. Baba, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa na mwandiko mzuri, akimwandikia kila kitu, hata "chai imeiva". Sauti ya Mama ikaanza kubadilika, maana mtu asiyejisikia hana cha kumrekebisha. Sini na shini zikachanganyika, akawa anasema kwa kelele dukani na kwa kunong'ona mezani. Watu wakamwambia asome midomo. Aliisoma sana, lakini midomo ina mwisho wake. Simama mbele ya kioo utamke baba, halafu mama, halafu papa. Utaona midomo inafunga na kufunguka vilevile mara zote tatu.

Kuanzia 1990 serikali ya Uingereza ilitenga fedha ili hospitali kadhaa ziwapandikize watu wazima viziwi, na watafiti wa Nottingham wakafuatilia matokeo. Mama akaitwa. Daktari wake alikuwa mtu wa maelezo, akatuambia jambo lenyewe lilianzia Paris mwaka 1957, Djourno na Eyriès walipoutia umeme mshipa wa kusikia wa mtu kiziwi naye akasikia mlio. Akatueleza pia habari za Graeme Clark wa Melbourne, ambaye baba yake, mfamasia, alikuwa na uziwi. Clark alikuwa akisumbuliwa na swali moja. Koklea, ile sehemu ya sikio la ndani, imejizungusha kama kombe la konokono mara mbili na nusu, sasa waya utapitaje humo bila kuipasua? Mwaka 1977, akiwa likizoni ufukweni, aliokota kombe na kujaribu kulichomeka ujani. Aliona ujani mlaini nchani na mgumu shinani ndio unaoingia mbali. Tarehe 1 Agosti 1978 akampandikiza mgonjwa wake wa kwanza, Rod Saunders. Nilipomtafsiria Mama habari za lile kombe alicheka, mara ya kwanza tangu tuingie mle hospitalini. Mtu wa pwani makombe anayajua.

Kifaa chake kilikuwa cha elektrodi 22. Zilizo karibu na mlango wa koklea hubeba sauti nyembamba, na zilizo ndani kabisa hubeba zile nzito. Kwa bahati mbaya, homa ya uti wa mgongo huweza kuacha mfupa ukiota ndani ya koklea. Ndiyo maana siku hizi madaktari hufanya haraka mtu akiziwishwa na ugonjwa huo. Kwa Mama miaka ilikuwa imepita, na si elektrodi zote zilizoingia.

Yapata mwezi mmoja baada ya upasuaji kifaa kikawashwa. Nje kulikuwa na kipaza sauti nyuma ya sikio, waya ulioshuka hadi kwenye kisanduku kiunoni, na koili iliyoshikwa kichwani kwa sumaku. Mtaalamu, dada mmoja Mwingereza mwenye subira, alipima elektrodi moja moja. Aliuliza ni wapi mlio unaanza kusikika, na wapi unakaribia kuudhi. Alipomaliza aliziwasha zote pamoja, akaniashiria nizungumze. Nikasema, "Mama, unanisikia?" Akanitazama muda mrefu. Akajibu, "Nasikia milio, mwanangu, lakini hamna mtu ndani yake."

Naomba jamaa walielewe jambo moja hapa. Kisanduku cha miaka ile hakikupeleka sauti nzima. Kilichambua usemi, kikachagua vilele vichache vyenye nguvu, kikavirusha kwenye elektrodi. Ubongo uliozoea maelfu ya seli ukapewa vijitundu visivyozidi 22, tena vya umeme, uambiwe hayo ndiyo maneno. Kumsikia mtu na kumfahamu ni kazi mbili, na ile ya pili hakuna daktari wa upasuaji anayeweza kuifanya.

Hospitali ilipima ufahamu kwa sentensi za Kiingereza zilizorekodiwa, wakihesabu maneno muhimu aliyoyapata pasipo kutazama midomo. Mama alipata machache sana, na karatasi ikaandika hivyo. Sikuwalaumu, kwa kuwa ndicho kipimo walichokuwa nacho, lakini nilikaa pale nikijua kwamba wanampima sikio na Kiingereza kwa pamoja. Mtu mwenye masikio mazima na Kiingereza cha Mama angekosa baadhi ya sentensi zile. Kiingereza cha Uingereza kina irabu zipatazo ishirini ukihesabu na zile za kuteleza, na nyingine zinakaribiana mno. Zetu ni tano, kila moja imekaa mbali na mwenzake, na kisanduku kile kilikuwa hodari hasa wa kubeba irabu.

Nikanunua daftari. Ukurasa wa kwanza niliandika tata, teta, tita, tota, tuta. Nilifunika midomo kwa kipande cha kitambaa cha spika alichokipata Baba, maana mkono au karatasi huharibu sauti. Nilisoma neno moja, Mama akaonyesha kwa kidole alilolisikia. Hayo matano hayakuchukua muda kumkaa. Ukurasa wa konsonanti ulitutoa jasho. Soka, shoka, choka na joka zilichanganyika kwa miezi. Lakini baba na mama, ambazo midomo haikuwahi kuzitenganisha, sasa zilitengana, kwa kuwa kisanduku kilileta ule uzito wa puani ambao jicho haliuoni. Midomo ikampa nusu na umeme ukampa nusu, na zilipokutana alipata zaidi ya jumla yake.

Mazoezi ya pili tulifundishwa na yule mtaalamu. Msomaji husoma kitabu kifungu kifungu, msikilizaji akarudia neno kwa neno, na mwishoni ikahesabiwa kasi ya maneno kwa dakika. Mimi nilichukua *Mzimu wa Watu wa Kale* cha Muhammed Said Abdulla, Mzanzibari mwenzetu, kwa kuwa Mama alikipenda na alikuwa amesahau nani aliyeua. Nilipompelekea mtaalamu hesabu yetu aliona ni ndogo. Nikamweleza kwamba neno letu moja hubeba mtendaji, wakati, mtendwa na tendo, mambo ambayo Kiingereza hutumia maneno manne au matano. Alifikiri kidogo, akakubali tuhesabu silabi. Mpaka leo namheshimu kwa hilo.

Lakini uzuri huohuo wa lugha yetu ndio uliotutesa. Kiswahili hukiweka kitu kikubwa mwanzoni mwa neno, mahali ambapo sauti haina mkazo. Atakuja na hatakuja zinapishana kwa pumzi moja ya h, na h ni sauti dhaifu kuliko zote, haikufika kwenye kisanduku kabisa. Siku moja shangazi aliposema kwamba wageni wa Leicester hawatakuja, Mama alipika pilau ya watu kumi. Kuanzia hapo nyumba nzima ilibadili kauli. Hakuna aliyesema tena "hatakuja". Tulisema "haji", kwa sababu mwisho wake ni i na i Mama aliisikia vizuri, au tukasema "hapana, hatakuja", na lile hapana likatangulia kubeba mzigo. Ndugu zangu wadogo walikua wakisema hivyo hata wanapokuwa peke yao.

Kulikuwa pia na shida ambazo madaktari hawakuwahi kuzifikiria. Mtandio ulipogusa kipaza sauti ulifanya kishindo kilichofuta maneno yote. Mama alijaribu vitambaa kadhaa, akakuta pamba nyepesi iliyofuliwa mara nyingi ndiyo inayonyamaza, akashona mitandio yenye nafasi upande wa sikio, na mfuko wa kisanduku ndani ya gauni. Na alipotaka kuzoea sauti za watu wengine, alimtaka kaka yangu amsomee sura za Kurani alizozihifadhi tangu chuoni. Kila silabi inayofuata alikuwa anaijua kabla haijatamkwa, hivyo kazi yake ilikuwa kuitazama ile sauti mpya na kuiambia akili, hii ndiyo ile. Naamini zoezi hilo lilimsogeza kuliko mengine yote.

Taarabu haikurudi. Hili nalisema wazi kwa sababu watu hawaambiwi. Mama alilelewa na nyimbo za kikundi cha Ikhwani Safaa, na harusini alitarajia kuzipata tena. Dufu alilipata, mapigo yote mahali pake. Fidla na ganuni vikawa vurumai, maana vifaa hivi vya kusikia huibeba tofauti ya maneno vizuri kuliko kupanda na kushuka kwa sauti, na muziki ndio huo. Ukumbini penye watu mia wanaozungumza pamoja hata maneno yalipotea. Alilia tukiwa garini. Baadaye alizoea kuzima kisanduku nyimbo zikianza, akawa anawatazama wachezaji na kuyasoma maneno kwenye midomo ya mwimbaji.

Mwaka 1994 ilitoka programu mpya ya kuchakata usemi. Hii ilikata sauti katika mikanda 20 na kupeleka ile yenye nguvu zaidi kwa wakati huo, bila kujaribu kukisia vilele vya usemi. Kichwani mwa Mama hakikuguswa kitu, walibadilisha kisanduku cha nje tu. Wiki za mwanzo aliichukia, akasema wamemwibia sauti zetu. Kisha kidogo kidogo soka na shoka zikaachana, na hata h ikaanza kuonekana pale mtu anapozungumza polepole. Hapo ndipo alipothubutu kushika simu. Alipanga na mdogo wake wa Unguja kwamba asijibu maneno mengi. "La" ni silabi moja, "ndiyo ndiyo" ni marefu, na "sema tena" yana mapigo yake. Mama aliuliza, khalati akajibu kwa mpangilio huo, nami nikasimama mlangoni nisiitwe. Mazungumzo yalihusu shamba la karafuu na nani kaoa. Baada ya mwaka mmoja hivi ule mpangilio waliutupa.

Mwaka 2018 binamu yangu wa Dar es Salaam alipata habari kuwa binti yake wa miaka miwili, aliyezaliwa haisikii dunia, atapandikizwa. Mama alikuwa karibu miaka themanini. Alimwambia kwa simu kwamba kazi ya mtoto ni nyingine na ni kubwa zaidi. Yeye alikuwa na Kiswahili kizima kichwani, akitafuta njia ya kukirudia, ila mtoto hana cha kukumbuka, anajenga kwa mara ya kwanza, na kila mwezi unaopita bila lugha ni mwezi wa ubongo uliopotea. Akamwambia amsemeshe kutwa nzima, karibu naye, redio ikiwa imezimwa. Na kama kuna mtu wa kumfundisha lugha ya alama asimzuie, maana betri huisha na usiku kifaa huvuliwa.

Nikapiga picha kurasa za daftari langu, nikamtumia. Binamu akazinakili, akafuta maneno aliyoyaona ya kizamani, tita na tota yakiwa ya kwanza kuondoka. Badala yake akaandika bajaji, chipsi, vocha, bibi, bafu, na majina ya watoto wote wa mtaani kwao Buguruni, wale wanaofanana kimatamshi akiwaweka pamoja ili binti ajifunze kuwatofautisha.